Kukinai, Kuzoea na Kung'atuka: Lugha ya Mashabiki kwa Kocha Aliyekaa Sana

Magazeti na matangazo ya michezo ya Kiswahili yana desturi ya kuieleza hali ya mashabiki wasioridhika kwa neno moja tu, nalo ni hasira. Timu ikifungwa, mashabiki wana hasira. Nahodha akiuzwa kwa wapinzani, wana hasira. Kocha akidumu miaka 20 na watu wakatamani aondoke, hapo pia husemwa kwamba wana hasira. Kwa mambo mawili ya kwanza neno hilo latosha. Kwa la tatu halitoshi, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno yanayoifaa zaidi hali hiyo, tena yenye kupambanua yale ambayo neno hasira huyachanganya.

Mfano utakaotumika ni wa Arsène Wenger, Mfaransa aliyeiongoza klabu ya Arsenal ya London tangu Oktoba 1996 hadi Mei 2018. Mfano huu wafaa kwa sababu mbili. Ni makocha wachache mno wa kandanda ya kulipwa ambao hukaa mahali pamoja kwa miaka karibu 22. Na mzozo uliozuka juu ya kukaa kwake haukuwa wa Waingereza peke yao. Tangu televisheni za setilaiti zilipoingia Afrika Mashariki, Arsenal imekuwa na wafuasi wengi sana nchini Kenya, rangi zake zikionekana katika matatu na vibandani, na habari za Wenger zilijadiliwa kwa Kiswahili kana kwamba ni habari za mzee wa mtaa.

Yafaa kutangulia kutazama msamiati uliokuwapo kabla ya mzozo huo. Katika kandanda ya nyumbani kocha hakai. Klabu za Kenya na za Tanzania hubadilisha makocha mara kwa mara, na timu ya taifa ya Harambee Stars haikuachwa nyuma katika jambo hilo. Kwa hiyo lugha ya michezo imejaa maneno ya kufukuza: kocha hutimuliwa, hutemwa, hupigwa kalamu, hufungashwa virago. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na aghalabu mtendaji hatajwi. Virago ndivyo vinavyochekesha zaidi, kwani msafiri wa kawaida hufunga virago vyake mwenyewe, lakini kocha hufungiwa na wengine na kuvikuta mlangoni. Huu ni msamiati wa mtu anayepita. Kwa mtu aliyekaa hata akawa sehemu ya nyumba, lugha ya michezo haikuwa na neno la tayari, na wasemaji walilazimika kuazima kutoka jikoni, barazani na katika siasa.

Wenger alifika London akitoka klabu ya Nagoya Grampus Eight ya Japani, na kabla ya hapo alikuwa ameiongoza Monaco ikatwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1988. Uingereza haikumjua, gazeti moja la London liliuliza katika kichwa cha habari yeye ni nani. Jibu halikuchelewa. Mwaka 1998 Arsenal ilitwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA, ikarudia hivyo mwaka 2002, na katika msimu wa 2003–04 ilimaliza mechi zote 38 za ligi bila kushindwa hata moja: ushindi 26 na sare 12. Mfululizo huo wa kutoshindwa ulifika mechi 49, ukakomeshwa na Manchester United mwezi Oktoba 2004. Kwa shabiki wa Afrika palikuwa na jambo jingine la kupendeza. Katika kikosi hicho walikuwamo Nwankwo Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kamerun na Kolo Touré wa Kodivaa. Na hapo nyuma, kule Monaco, Wenger ndiye aliyempokea George Weah wa Liberia alipofika Ulaya. Hapana shaka kwamba mapenzi ya Wakenya wengi kwa Arsenal yalianzia katika miaka hiyo, na kwamba mapenzi hayo yalikuwa kwa kocha sawasawa na kwa timu.

Kisha ikaja miaka ya uwanja. Mwaka 2006 klabu ilihama Highbury, uliokuwa na nafasi za watu wapatao 38,000, ikaenda katika uwanja mpya wa watu 60,000. Deni la ujenzi lilibana matumizi wakati uleule ambapo klabu nyingine zilikuwa zikipata matajiri wapya: Chelsea mwaka 2003, Manchester City mwaka 2008. Wachezaji bora wakaanza kuondoka. Cesc Fàbregas na Samir Nasri waliuzwa mwaka 2011. Nahodha Robin van Persie akauzwa kwa Manchester United mwaka 2012. Tangu Kombe la FA la 2005 hadi lile la 2014 Arsenal haikupata kombe kubwa hata moja. Hata hivyo haikuporomoka, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kila mwaka ilimaliza ligi miongoni mwa nne za kwanza, ikapata tena nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na tangu 2011 hadi 2017 ikatolewa katika hatua ya timu 16 mara saba mfululizo. Haikuwa njaa, wala haikuwa karamu. Ilikuwa chakula kilekile, sahani ileile, saa ileile.

Kitenzi kinachoieleza hali hiyo ni kukinai. Kimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuridhika na kidogo ulicho nacho, na maana hiyo ingali hai katika Kiswahili, hasa katika lugha ya mawaidha, ambamo mkinaifu ni mtu mwenye moyo usio na tamaa. Lakini Kiswahili kiliongeza maana ya pili ambayo karibu inaipinga ya kwanza: kukinai ni kukila kitu, au kukiona, au kukisikia, hata moyo ukakikataa. Wali wa nazi mtamu kupita kiasi hukinaisha. Mtu aliyekinai hana njaa, na pengine chakula anachokikataa hakina kasoro yoyote. Anakikataa kwa sababu anakijua mno. (Neno hili lisichanganywe haraka na kinaya, istilahi ya wahakiki wa fasihi. Liko kinaya la ukoo wa kinai, lenye maana ya kujitosheleza na hata kiburi. Lakini Kiarabu kinalo pia neno la balagha lenye mzizi mwingine kabisa, ambalo konsonanti yake ya kwanza ni tofauti. Kiswahili, kwa kuzifanya konsonanti hizo mbili kuwa k moja, kimeyakutanisha maneno ambayo hayakuwa ndugu.)

Pande hizi mbili za kitenzi kimoja zinaueleza mzozo wa Arsenal kwa ufupi ambao ni vigumu kuupata kwa Kiingereza. Lawama ya mashabiki kwa Wenger ilikuwa kwamba amekinai, kwa maana ya kwanza: ameridhika. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alisema kwamba kumaliza miongoni mwa nne za kwanza ni kama kombe, na kauli hiyo haikusahauliwa. Na hali ya mashabiki wenyewe ilikuwa kwamba wamekinai, kwa maana ya pili. Kocha amekinai na mashabiki wamekinai. Kitenzi ni kilekile, wakati ni uleule, lakini mmoja anasema inatosha kwa shukrani na wengine wanasema inatosha kwa kuchukizwa.

Iwapo mtu atapinga kwamba hii ni hasira tu iliyovikwa nguo nyingine, yafaa atazame yaliyotokea makombe yaliporudi. Hasira ya mshindwa huponywa na ushindi. Mwezi Mei 2014 Arsenal ilitoka nyuma mabao mawili ikaifunga Hull City 3–2 katika muda wa ziada na kutwaa Kombe la FA. Kabla ya mwaka huo kwisha, baada ya kufungwa na Stoke City mwezi Desemba, Wenger alizomewa na baadhi ya mashabiki wake mwenyewe alipokuwa akipanda treni. Kombe la FA likatwaliwa tena mwaka 2015, kwa mabao 4–0 dhidi ya Aston Villa; malalamiko hayakwisha. Mwezi Machi 2017, wakati wa mechi na West Bromwich Albion, ndege mbili ziliruka juu ya uwanja zikiburura mabango, moja likitaka kocha asipewe mkataba mpya na la pili likitangaza imani kwake. Miezi miwili baadaye akawafunga Chelsea na kutwaa kombe hilo kwa mara ya saba, idadi ambayo hakuna kocha mwingine aliyeifikia. Wala hilo halikuwanyamazisha waliotaka aondoke. Aliyekinai hatibiwi kwa kuongezewa sahani ya chakula kilekile, hata ikiwa imepikwa vizuri zaidi.

Si kusema kwamba hasira haikuwapo. Kufungwa mabao 8–2 na Manchester United mwezi Agosti 2011, na 6–0 na Chelsea mwezi Machi 2014 siku ya mechi ya 1,000 ya Wenger, na jumla ya mabao 10–2 na Bayern Munich mwaka 2017, ni mambo ya kutia hasira, na yalitia. Lakini hasira hizo zilikuwa na tarehe. Kukinai hakuna tarehe. Hakuna shabiki awezaye kusema ni siku gani alikinai. Kuchoka nako ni kitu kingine, kwani aliyechoka akipumzika hurudi na hamu yake, ilhali aliyekinai hupumzika majira yote ya kiangazi na akaurudia msimu mpya moyo ukiwa umeshakataa.

Sarufi yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Kocha wa muda mfupi husimuliwa kwa -li- na -me-: alishinda, alishindwa, amefutwa. Kocha aliyekaa sana husimuliwa kwa hu- ya mazoea. Sentensi ya namna hii, ambayo shabiki yeyote wa Arsenal wa miaka hiyo angeitambua, haina neno la matusi hata moja: Arsenal huanza vizuri, hulegea Februari, hutolewa Ulaya mwezi Machi, hushika nafasi ya nne mwezi Mei. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba hu- haichukui kiambishi cha nafsi wala haitaji wakati maalumu. Ndiyo inayotumika kwa jua na kwa mvua. Timu ikishaanza kusimuliwa hivyo, matokeo yake hayaonekani tena kuwa matendo ya watu waliochagua hili wakaacha lile; yanaonekana kuwa majira. Na mtu hamkasirikii masika. Huyakinai, kisha hutamani kuhama.

Yastahili kukumbukwa kwamba sifa njema za Wenger zilisimuliwa kwa hu- hiyohiyo: huamini vijana, hukataa kununua wachezaji kwa bei ya kichaa, hucheza kandanda ya kupendeza. Wamteteao na wampingao hawakuhitilafiana juu ya ukweli wa sentensi hizi. Walihitilafiana juu ya ikiwa mazoea ni fadhila au ni kutu.

Ama kuhusu wito wa kumtaka aondoke, Kiingereza kiliuweka katika maneno mawili, Wenger Out, ambayo hayana kitenzi. Ni jina na kielezi, kama maandishi ya mlangoni. Ufupi huo uliusafirisha wito huo mbali sana na uwanja. Mwezi Novemba 2017 watu wa Harare walipoandamana kumtaka Robert Mugabe aondoke, baada ya kukaa madarakani tangu 1980, bango lenye maneno hayo mawili lilionekana katikati ya umati. Lilikuwa mzaha, lakini mzaha wenye hoja, kwa kuwa mwenye bango alikuwa ameona kwamba wazee wawili waliokuwa hawana jambo jingine la kuwaunganisha walikuwa wameulizwa swali moja. Msomaji wa Kenya, ambaye nchi yake ilikuwa na Rais mmoja kwa miaka 24 hadi mwaka 2002, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kiswahili hakiwezi kuufuata ufupi huo bila kujiumiza. Wenger nje hueleweka, lakini ni tafsiri ya neno kwa neno, na nje hiyo ni ile ya mwamuzi anayetangaza kwamba mpira umetoka. Kiswahili kinachokwenda kwa miguu yake mwenyewe chataka kitenzi: Wenger aondoke. Hapo mambo mawili hutokea kwa lazima ya sarufi. Kiambishi a- kinamrudisha mtu katika sentensi; haondolewi kama kiti, anatajwa kama mwenye kutenda. Na kiishio -e hakisemi kama hiyo ni amri, ombi au dua. Aondoke yaweza kutoka katika kinywa cha mwenye ghadhabu, na yaweza kutoka katika kinywa cha mjukuu. Wito ambao kwa Kiingereza ulikuwa na sauti moja ulipata sauti tatu ulipovuka bahari, na wasemaji walizitumia zote.

Hilo linahusiana na majina ya heshima. Watanzania husema kocha, na mara nyingi pia mwalimu; watangazaji wa Kenya hupenda mkufunzi. Maneno mwalimu na mkufunzi hayamsawiri mtu wa kuajiriwa na kufutwa tu, bali mtu aliyekupa kitu ambacho huwezi kukirudisha. Waingereza wenyewe walikuwa wamempa Wenger lakabu ya Profesa. Juu ya hayo, mtu mwenye umri wa miaka 60 na kitu aliyekaa mahali pamoja miongo miwili, katika mazungumzo ya Afrika Mashariki, ni mzee tu, atake asitake. Na mzee haambiwi toka. Huambiwa apumzike. Mzee apumzike sasa ni sentensi yenye adabu kamili, lakini haiachi shaka juu ya kinachotakiwa.

Adabu hiyo haikuwa unafiki. Shabiki wa London alikuwa na silaha nyingine: tiketi ya msimu ya bei ghali ambayo angeweza kukataa kuinunua tena, kiti ambacho angeweza kukiacha kitupu mbele ya kamera. Katika miezi ya mwisho ya Wenger viti vitupu vilionekana kweli. Shabiki wa Kisumu au wa Mombasa hakuwa na kiti cha kuacha. Alichokuwa nacho ni maneno, na aliyebakiwa na maneno tu huyachagua kwa uangalifu kuliko mwenye tiketi.

Katika mabishano ya namna hiyo methali hazikosekani, na jinsi zinavyogawanyika yafundisha kitu. Mwenye kumtetea kocha mkongwe anazo tayari shukrani ya punda ni mateke, na usione vyaelea, vimeundwa. Mwenye kumpinga anazo hakuna marefu yasiyo na ncha, na cha kuvunda hakina ubani. Zikitazamwa vizuri, methali hizi hazijibizani. Zile za kwanza zazungumzia deni: nani alijenga, nani alikula. Zile za pili zazungumzia mpaka: kila kitu kina mwisho wake. Mtu aweza kuziamini zote nne kwa pamoja bila kujipinga, na kwa kweli mashabiki wengi wa Arsenal walikuwa katika hali hiyohiyo. Kosa la mabishano mengi lilikuwa kudhani kwamba anayetaja mpaka amekana deni. Methali iliyopata taabu zaidi ni mvumilivu hula mbivu, kwa sababu haitaji tarehe ya kuiva, na katika mwaka wa tisa bila kombe wapinzani waliigeuza kuwa kichekesho.

Neno lililohitajika, basi, lilikuwa lile linaloruhusu deni likubaliwe na mpaka uwekwe kwa wakati mmoja. Kiswahili kilikuwa kimelipata miongo mitatu kabla, tena katika siasa. Julius Nyerere alipojiandaa kuacha urais wa Tanzania mwaka 1985, lilienea neno kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki, lugha yake ya kuzaliwa. Maana yake ni kuondoka madarakani kwa hiari, heshima ikiwa bado ipo. Wapo wanaolisikia ndani yake tendo la kuachia kilichong'atwa. Maelezo hayo hayana haja ya kuaminiwa kama historia ya neno, lakini yanasaidia kueleza kwa nini lilikaa upesi katika vinywa vya watu. Sikio la Mswahili limezoea kuona -uka kama kutengana bila kusukumwa: kubanduka, kufumuka, kufunguka. Kwa umbo na kwa historia yake, kung'atuka ni kinyume cha kufungashwa virago. Mashabiki waliosema Wenger ang'atuke hawakuomba atendwe jambo. Walimwomba atende la mwisho yeye mwenyewe, wakati mlango ungali wazi.

Mwezi Mei 2017, baada ya Arsenal kumaliza ligi nje ya nne za kwanza kwa mara ya kwanza tangu kufika kwake, alitia sahihi mkataba wa miaka miwili zaidi. Tarehe 20 Aprili 2018 ikatangazwa kwamba angeondoka mwisho wa msimu, mwaka mmoja kabla ya mkataba kwisha. Kwa siku chache neno kung'atuka lilielekea kufaa kabisa. Kisha Wenger mwenyewe akaeleza mbele ya waandishi kwamba wakati wa kuondoka haukuwa hasa uamuzi wake. Umbo sahihi, basi, lilikuwa kung'atuliwa, ambalo wasemaji wa Kiswahili wameliunda kwa kejeli kutokana na lile la awali, na ambalo linabomoa kwa viambishi vichache heshima yote iliyojengwa na neno mama. Waandishi wa michezo wa Kiswahili walioandika habari hizo wangeweza kuchagua kati ya hayo mawili. Walioandika kwa urahisi kwamba kocha ameachia ngazi walikwepa kuchagua.

Katika mechi yake ya mwisho nyumbani, tarehe 6 Mei 2018, Arsenal iliifunga Burnley 5–0, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia, bila shaka wakiwamo humo waliokuwa wamebeba mabango. Mwezi Agosti mwaka huohuo George Weah, wakati huo akiwa Rais wa Liberia, alimpa nishani ya juu ya nchi hiyo mjini Monrovia. Mrithi wake, Unai Emery, alidumu mwaka mmoja na nusu. Alipoondoka mwezi Novemba 2019 msamiati wa zamani ulikuwa umemngojea mahali pake: alitimuliwa, alipigwa kalamu, alifungashwa virago. Hakuna aliyemwomba ang'atuke.